Goti la Nunzia Kwenye Ngazi za Bastille

Mara ya mwisho ulipanda mlima kwa hiari yako lini? Usinitajie lifti, wala ile mashine ya kukimbilia palepale huku umekodolea macho ukuta. Nasema mlima wa mawe, jua likikuchoma kisogo na moyo ukigonga mbavu kama mgeni anayetaka kufunguliwa mlango. Kama huna jibu, kaa nikusimulie habari za Nunzia Mastromauro, dereva mstaafu wa tramu, mkazi wa mtaa wa Saint-Laurent hapa Grenoble.

Wazazi wake walitoka Corato, kusini mwa Italia, kama nusu ya mtaa wetu. Mama yake alishona glavu mpaka vidole vikapinda. Nunzia mwenyewe aliendesha tramu maisha yake yote ya kazi, ameketi, mlima uko mbele ya kioo chake kila akikata kona, na hana nafasi ya kuukanyaga. Alipostaafu alisema, "Sasa ni zamu yake kunitazama mimi." Akaanzisha kundi la kupanda Bastille, ile ngome ya kale iliyo juu ya mto Isère, kila Jumamosi asubuhi. Hakuna kiingilio, hakuna sare, hakuna kuulizwa unatoka wapi. Unakuja na viatu vyako na chochote cha kula pamoja na wenzako. Nilijiunga nilipomaliza chuo kikuu, nikiwa na shahada ya kijana na pumzi ya mzee, na naamini hadi leo kwamba zile ngazi zimeutibu mtaa wetu kuliko hotuba zote za wanasiasa. Mlima hauna mlango. Hauna mwenyewe. Anayetaka afya yake na aende akaichukue.

Kundi lina sheria moja tu, sheria ya watu wa milimani: aliye dhaifu kuliko wote hutembea mbele, na ni mwiko kumpita. Wenye nguvu hufuata mwendo wake. Kwa njia hiyo haachwi mtu. Nunzia aliisimamia sheria hiyo kama alivyoheshimu taa nyekundu.

Kisha goti lake la kulia likaharibika. Majira ya baridi akafanyiwa upasuaji, akawekewa goti la chuma, na kundi likashikwa na Régis Argoud, mwalimu mstaafu wa michezo. Régis ana mapaja kama magogo na hana ubaya moyoni, ila anapenda mno kusikilizwa.

Mwishoni mwa Mei Nunzia alirudi. Tulikuwa tumekusanyika mahali petu, penye chemchemi yenye sanamu ya simba, chini ya ngazi. Alikuja amevaa kaptula, kovu lake refu liko wazi, hakulificha.

"Karibu, dada," Régis akamwambia. "Umependeza. Wewe panda mapovu, tutakukuta juu. Utatuandalia kahawa."

Mapovu ndilo jina letu la vile vibanda vya kioo vya mviringo vinavyopanda mlima kwa waya kutoka ng'ambo ya mto, vimejaa watalii na kamera zao.

"Mapovu ni ya kufulia nguo," Nunzia akajibu. "Mimi nina miguu miwili, na mmoja bado mpya."

Watu wakacheka. Régis hakucheka. "Tusidanganyane, Nunzia. Watu hawa wanahitaji mtu imara. Ukifika juu bila kuketi, nakurudishia kundi leo hii. Ukiketi, unaniachia kabisa. Kiongozi anayeketi njiani si kiongozi."

"Umesema mwenyewe," akajibu Nunzia. "Jamani, mmesikia?"

Tulisikia. Mimi damu ilinichemka. Nikaanza kumwambia Régis kwamba kundi hili si mali ya mapaja yake, lakini Nunzia akanikatiza. "Basile, mwanangu, tunza hiyo pumzi. Utaihitaji."

Régis akatupanga mstari. Akamweka Nunzia mbele, kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliouma, maana sote tulijua mbele ni mahali pa nani. Miaka yote yeye ndiye aliyewashika wengine mkono na kuwaweka pale. Masikio yalimwiva kwa aibu. Lakini sheria ilikuwa yake mwenyewe, akaenda mbele.

Akaanza kupanda. Mguu mzima kwanza, mguu wa chuma ukifuata. Mguu mzima, mguu wa chuma. Mwendo ulikuwa wa polepole hata walio nyuma wakaanza kupiga soga. Yamina, muuza samaki wa sokoni, akaniambia, "Kwa mwendo huu nitafika nimeshapona mafua." Tukapita nyumba za mwisho, tukapita upinde wa mawe wa ngome ya chini, mto ukaanza kuonekana kama utepe.

Soga zilikuwa za kwanza kufa. Maana Nunzia hakuwa anasimama. Miezi yote ya Régis tulizoea kukimbia kidogo na kupumzika sana: hapa picha, pale maji, kule kunyoosha misuli. Nunzia hakukimbia na hakupumzika. Alikwenda kama tramu, mwendo uleule kwenye kona na kwenye mwinuko, na nyuma yake hapakuwa na njia ya kupita. Tuliomhurumia chini sasa tulikuwa tunajihurumia. Jasho lilinitiririka mgongoni. Yamina alikuwa amesahau mafua na kila kitu kingine.

"Nunzia," Régis akaita, sauti imepungua, "tupumzike kidogo, kwa ajili ya goti lako."

"Goti langu halijaomba. Umechoka, mwalimu?"

"Mimi? Hata kidogo."

"Basi twende."

Tulikuwa tumebakiza theluthi moja hivi, mahali ambapo mawe hubaki na unyevu wa umande, alipokwama. Mguu wa chuma ulikataa kunyooka. Nilimwona ameushika ukuta kwa mikono yote miwili, shingo imekakamaa, midomo imekuwa myeupe. Sote tukasimama. Hatukusikia kitu ila pumzi zetu na mlio wa waya wa mapovu angani. Kando yake palikuwa na benchi la mawe, tupu, kwenye kivuli.

"Keti, dada," Régis akasema, na nakiri alisema kwa huruma ya kweli. "Umefika mbali. Hakuna atakayekucheka."

Nunzia hakugeuka. Alibaki amesimama, paji la uso kwenye ukuta, na nikaona kidole gumba chake kikikanda pembeni mwa kovu, taratibu, mbele na nyuma. Nilitaka kwenda kumshika mkono. Yamina akanivuta shati. "Mwache. Ukimshika umemmaliza."

Tukasikia kishindo kidogo kando ya Nunzia. Régis alikuwa ameketi kwenye benchi. Mapaja yake yote mawili yalikuwa yanatetemeka, amefumba macho, kinywa wazi.

Yamina akamtazama, akatutazama sisi. "Mwalimu, hebu turudie lile somo la asubuhi. Kiongozi anayeketi njiani ni nani vile?"

Kicheko kilichotoka pale kilishuka mlima mzima. Régis mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. Nunzia akageuza kichwa, akamwona pale alipo, na kabla kicheko hakijaisha alikuwa ameinua mguu. Mguu mzima. Mguu wa chuma. Hakusimama tena mpaka juu ya ngome, alipougusa ukingo wa mwisho kwa kiganja kama anayempigapiga farasi wake begani. Theluji ya milima ya Belledonne iling'aa mbele yetu, mji wote uko chini ya visigino vyetu, na watalii waliotoka kwenye mapovu wakiwa wakavu walitushangaa sisi tuliolowa jasho, tunapiga makofi kama wendawazimu. Nilipiga mpaka mikono ikawaka. Sijapata kuona siasa safi kuliko ile.

Tulikula mkate, soseji kavu na jibini la Saint-Marcellin. Régis alifika wa mwisho. Akasimama mbele ya Nunzia, akasema mbele ya wote, "Kundi ni lako." Nunzia akamkatia kipande kikubwa cha soseji.

"Na wewe nakupa nyuma kabisa," akamwambia. "Nyuma panataka mtu mwenye nguvu."

Kesho yake, Jumapili, nilitoka kununua mkate. Nunzia alikuwa nje ya jengo lake kwenye kiti, mguu umeinuliwa juu ya kiti kingine, goti limevimba kama tikiti. Régis alikuwa amepiga magoti kwenye lami, anamkandamizia mfuko wa njegere zilizogandishwa, huku akikemewa kwamba anabonyeza mno. Wanawake watatu waliovaa sare za tramu, wametoka zamu, walivuka barabara wakasimama mbele yao. Mmoja akauliza kundi linaanza saa ngapi, na kama mtu mnene anaruhusiwa.

Régis hakuinua macho kutoka kwenye njegere. "Muulizeni kiongozi," akasema.