Oili Hamsini Jikoni kwa Mama Mkwe

Nilipoolewa Oldeani kutoka Baray, mwaka haujaisha baba yangu akanifuatishia trekta. Halikuwa zawadi. Kwetu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Mmoja humpeleka kwa rafiki au mkwe wa mbali, amlishe na kunywa maziwa yake, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Baba hakuona kwa nini trekta liwe tofauti. Lilikuwa zee, alilinunua kwenye shamba la kahawa la hukohuko Oldeani mzungu alipofunga virago. Likimaliza kulima Baray lilipanda kwa baba mkwe wangu, alilishe, alime, kisha alirudishe.

Shida ilikuwa chakula chake. Baray ni joto, na injini ilikuwa imechoka. Baba aliijaza oili namba hamsini, nzito kama asali, kwa sababu ukiweka nyepesi kule, jua likipanda kidogo tu mshale wa presha unalala na injini inaanza kugonga. Oldeani ni baridi. Alfajiri ukungu unashuka kutoka Ngorongoro, hamsini inaganda tumboni mwa injini, betri inaguna mara mbili, basi. Huku lilitaka thelathini. Fundi mmoja alishauri arobaini, tukajaribu. Ikawa nzito huku juu na nyepesi kule chini, tukakosa wote. Na kubadilisha kila linapopanda na kushuka hakukuwezekana, maana miaka ile oili ilikuwa ya kibali, na aliyepata galoni aliificha chini ya kitanda.

Watu wengine wangekaa wakazungumza. Lakini hawa walikuwa wakwe. Ukimwambia mkwe kwamba ng'ombe wake ana kasoro, atajiuliza unasemaje kuhusu binti yake. Kwa hiyo baba mkwe alituma Baray salamu zilezile kila mara: "Mwambieni mkwe trekta ni zima kabisa. Linawaka kwa kuguswa tu."

Liliwaka kwa sababu nililipikia. Jioni mume wangu alifungua nati ya chini ya injini, akamwaga oili yote kwenye sufuria yangu kubwa, ile niliyokuja nayo harusini. Alfajiri nilikuwa jikoni nikiipasha kwenye mafiga, nikiikoroga, moto usiwe mkubwa isije ikalipuka. Ikishalegea, mume wangu anaibeba mbio na kuimimina, trekta linanguruma, na baba mkwe anatoka na blanketi lake mabegani kulisifu. Ndipo nilipoteleka uji. Uji ulinukia trekta. Chai ilinukia trekta. Mama mkwe alihamishia kigoda chake nje. "Endelea tu, mkwe," aliniambia, "wewe ndiye unayeijua oili ya kwenu."

Nililichukia trekta lile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na watu niliowachukia si wachache. Lakini kumlalamikia baba mkwe sikuweza, na kumwambia baba kungekuwa kuwashitaki watu wa nyumba yangu. Nikakoroga. Msimu ukapita, na mwingine.

Siku moja baba alikuja kwa ubatizo wa mtoto wetu wa kwanza, akalala kwetu. Mtu wa Baray na baridi ya Oldeani hawapatani, hivyo alfajiri aliingia jikoni kuota moto. Alinikuta nimeinama, macho mekundu, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Unapika nini, mwanangu?"

"Uji, baba."

Alichungulia sufuria. Akanyoosha vidole kwenye moto.

"Haya," alisema. "Usiungue."

Kulipokucha alisimama na baba mkwe kulitazama trekta likiunguruma. Baba mkwe alimwambia ana kwa ana kwamba linawaka kwa kuguswa tu. "Naona," baba alijibu.

Msimu ulipokwisha tulijiandaa kulirudisha, tukaletewa galoni ya oili thelathini na ujumbe wa baba: ng'ombe aliyezoea malisho ya baridi akishushwa atakonda, kaeni naye. Baba mkwe alisema amejaliwa mkwe mwelewa. Mimi nilisugua sufuria kwa majivu na mchanga mpaka nikajiona humo, nikapika wali. Kwa furaha niliyokuwa nayo nilimpelekea hata mama mkwe sahani yake kule nje.

Mvua zilipokaribia nilishuka Baray kuwaonyesha mtoto. Nilimkuta baba shambani nyuma ya maksai, peku, ameinamia plau, shati limemganda mgongoni. Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza pale kuachana na maksai, na aliwacheka sana waliobaki nao.

"Baba," nilimwita.

Aliwasimamisha maksai, akajifuta jasho.

"Linawaka asubuhi?"

"Linawaka, baba."

Aliitikia kwa kichwa, akawapigia maksai mluzi, wakavuta. Nikamfuata nyuma nikilia waziwazi, mtoto mgongoni, naye hakugeuka mpaka mwisho wa mstari.