Majembe Mbele ya Geti ya Bajeshi

Kankindi, jirani yangu, mi nilimwambia mara ngapi asijenge pale? Anasikia basi! Ni Mrundi wa milimani, kichwa ngumu. Nyumba yake njo ya mwisho huku chini mu kambi yetu ya bakimbizi ya Dzaleka, na juu yake kuko uwanja wa mazoezi ya bajeshi. Mvua ikipiga ule uwanja, maji yote inashuka kwake. Mwaka jana ilibeba jiko na ukuta muzima. Alijenga tena na matofali ya udongo, na mvua ilikuwa karibu. Ukuta ukianguka tena, ye na bajukuu bake hawana pa kulala.

Basi kapiteni mumoja, Robert, akatoka Lilongwe, akatukusanya sisi ba huku chini. Akaeleza mpango wake: hapana simenti, hapana mfereji mukubwa wa kutupia bantu maji. Batachimba mitaro ya kukatiza mteremko, batapanda majani kandokando, maji ikae kule juu, iingie mu udongo polepole. "Kazi inaanza Jumamosi," akasema. Mwalimu Rémy akatutafsiria.

Alikuwa anasema kazi ya basoda bake, bale bajeshi! Lakini kwa Barundi, kazi ya Jumamosi njo ya bote. Unatoka na jembe, na usipotoka, majirani banakuangalia vibaya. Kankindi akazunguka nyumba kwa nyumba.

"We Sylvie, utalala bantu bakichimba? Haya hauna?"

Nikaenda, lakini nilikuwa nimenuna.

Jumamosi asubuhi tukafika kwa geti, bantu bengi, majembe kwa bega, tunaimba. Mungu wangu! Soda wa kuchunga mlango akafunga geti mbio, akapiga filimbi, bengine bakatoka na bunduki. Wimbo ukakatika. Kankindi alishakimbia bajeshi kwao, mtoto mugongoni. Huruma ikanishika.

"Turudi, mama," nikamwambia. Akakataa.

Robert akakuja, anafunga vifungo vya shati. "Nani amewatuma?"

"Leo ni Jumamosi," Kankindi akajibu.

Rémy akamueleza desturi. Kapiteni akaangalia majembe, akacheka mpaka akashika geti. Akasema tuingie, lakini majembe ibaki nje, njo sheria.

"Sasa tutachimba na meno?" Kankindi akauliza.

Hata bale ba bunduki bakacheka, na kapiteni akafungua geti. Tukaingia na majembe yetu. Saa sita ilitukuta mu mtaro moja na basoda, na Kankindi anafokea mumoja: "We kijana, inama! Unachimba ama unaangalia ndege?" Naye anaitika kwa luga yake, "Inde, mayi," njo kusema ndiyo, mama.

Mvua kubwa ya kwanza ilipoanguka, tulikimbia kwake kumusaidia kutoa vitu. Tukamukuta amesimama kwa mlango. Ukuta ulikuwa mukavu. Kule juu basoda balikuwa banatembea mu mvua na mapauro ya kuchota udongo, banachunga mitaro isibomoke. Kankindi alikuwa anabaangalia, machozi inamushuka.

"Sylvie, weka chai kwa moto," akasema. "Bale batoto banalowana."