Kamba Katikati ya Turubai

Nilipokuwa kijana, bwana shamba alikuja kwetu Endamarariek akafunga kamba katikati ya shamba la jirani. Upande mmoja wa kamba alitia samadi, upande wa pili hakutia kitu. Mbegu ilikuwa moja, siku ya kupanda moja, palizi moja. Wazee walimcheka wakasema anapima shamba kama fundi cherehani anavyopima suruali. Mahindi yalipofika kiunoni, kicheko kiliisha. Ulisimama penye kamba, ukanyoosha mikono, huku ukagusa majani mapana ya kijani kibichi na huku majani membamba ya manjano, na kati yao hapakuwa na kitu ila kamba ile.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko wengine wote. Samadi haikunishangaza, kwa kuwa tuliijua tangu zamani. Nilishangaa kwamba mtu anaweza kuiuliza ardhi swali moja, na ardhi ikajibu swali hilo hilo, bila kuchanganya na mvua, mbegu, uvivu au baraka. Mimi niliishia darasa la nne. Mengine niliyonayo nimeyaokota katika vijitabu vya elimu ya watu wazima, nikisoma kila kimoja mara tatu. Lakini somo la kamba sikulisoma popote. Nililiona kwa macho, na ilipita miaka kabla sijalihitaji.

Nililihitaji kwa sababu ya makatambuga, yale malapa yanayokatwa kwenye matairi chakavu. Nilianza kuyatengeneza nilipoacha kazi kwenye shamba kubwa la kahawa, nilikotoka na kikohozi cha dawa ya kunyunyizia. Nilikuwa na kisu, patasi, nyundo, misumari na kopo la maji ya kulainisha njia ya kisu, maana mpira mkavu hukishika kisu kama mbwa. Matairi niliyapata kwa mafundi wa magari pale Karatu. Mpaka wa Kenya ulipofungwa, magari ya watalii yakapungua, na matairi yakapungua nayo. Nikawa nakata vipande vya kila namna: hiki cha Land Rover, hiki cha trekta, hiki hata mwenyewe sijui cha nini.

Kisha nikapata bahati. Fundi mmoja aliniuzia matairi mawili ya lori la kutengeneza barabara, mapacha kabisa, mapana, na vijiti vyake, yale meno ya kukanyagia, bado vimesimama. Nilikata jozi thelathini. Nilizipanga ukutani, zikafanana kama zimetoka kiwandani. Mke wangu alisimama mlangoni akazitazama.

"Zinatisha," akasema.

"Kwa uzuri?"

"Sijui. Zinatisha tu. Kama watu thelathini wenye uso mmoja."

Nilicheka. Sisi wakulima tunapenda mistari iliyonyooka.

Nilizipeleka Nainokanoka, juu kwa wafugaji, ambako mnada wa ng'ombe ulikuwa mara moja kwa mwezi. Lori la wanunuzi lilinichukua asubuhi, likapita geti la hifadhi na kuzunguka ukingo wa kreta. Kurudi nilipanda pamoja na ng'ombe. Nilitandika turubai chini, jirani na mama mmoja wa Kimasai aliyeuza maziwa kwenye vibuyu. Wanaume walikuja wengi. Kila mmoja aliinua katambuga moja, akaligeuza, akatazama chini yake. Akachukua jingine, akaligeuza. Akachukua la tatu. Kisha akayarudisha taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu, akaondoka.

Nilidhani wanatafuta kasoro. Kwa majivuno nikamwambia mmoja, "Hutaona tofauti hata ukitazama mpaka jioni. Yote yametoka tairi moja."

"Naona," akanijibu kwa upole, akaenda zake.

Siku ile niliuza jozi tatu.

Nyumbani nilimkuta shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amekuja na habari kwamba mnyapara wa shamba la kahawa ananishikia nafasi yangu, lakini hataishika milele. Mke wangu hakutaka nirudi kwenye dawa zile. Hakutaka pia watoto washindie matumaini. Shemeji alipoondoka akaniambia, "Baba watoto, nakupa minada mitatu. Makatambuga yasipouzika, utarudi kambi ya kahawa, na mimi sitasema neno."

Katika mnada wa kwanza kati ya hiyo mitatu nilibadilisha kila kitu. Nilihama nikakaa karibu na zizi. Nilishusha bei. Nilipaka makatambuga mafuta yang'ae, na mengine nikayatundika kwenye fimbo. Niliuza jozi tisa. Nilirudi nikiimba katikati ya ng'ombe.

Mke wangu alifurahi, kisha akauliza, "Ni nini kilichouza?"

"Nilibadilisha mahali, bei, mafuta na fimbo."

"Ndiyo. Ni kipi kati ya hivyo?"

Huenda ilikuwa bei. Huenda mafuta. Huenda hakuna hata kimoja, kwa kuwa siku ile wanunuzi wa ng'ombe walilipa vizuri, na hata yule mama wa maziwa alimaliza vibuyu vyake kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimepanda mbegu nne katika shimo moja, na sasa nilikuwa nauliza mmea ni wa mbegu ipi. Ndipo nilipoikumbuka kamba.

Mnada wa pili nilirudi mahali pangu pa zamani, nikarudisha bei ya zamani, nikaacha mafuta nyumbani. Nilifunga kamba ya katani katikati ya turubai. Nilikuwa nimeamua kuuliza juu ya mikanda: kushoto niliweka yenye mikanda myembamba, kulia yenye mikanda mipana. Kila upande nilitaka jozi kumi na mbili, lakini za tairi la lori zilikuwa zimebaki kumi na nane tu. Nikajaza kwa jozi sita nilizokata kwenye vipande vya mabaki, tatu huku, tatu huku.

Mama wa maziwa alitazama kamba. "Ormeek," akaniita, jina ambalo Wamasai wanatuita sisi tusio wao, "kamba hiyo unafungia nini? Viatu vyako vinakimbia?"

"Yeyo," nikamjibu kwa neno lao la mama, "ninauliza swali."

"Unauliza viatu?"

"Nauliza wanunuzi, bila kuwaambia."

"Basi wewe ni mchawi au ni serikali," akasema, na mwenzake akacheka mpaka akaweka kibuyu chini.

Jioni zilikuwa zimeondoka jozi tano kushoto, na tano kulia. Kwa hiyo mikanda haikuwa kitu. Nilikaa kwenye lori nikiwa na uzito moyoni, na mnada umebaki mmoja. Nyumbani nilimwaga gunia nihesabu zilizobaki. Zilikuwa kumi na nne, zote za tairi la lori. Zile sita za mabaki, nilizoziweka kujazia tu, hazikuwepo hata moja.

Nilikuwa nimeuliza swali langu nikajibiwa hapana. Lakini kando yake lilikuwa limekaa jibu la swali ambalo sikuwa nimeliuliza. Nilihisi kama niko tena penye ile kamba ya mahindi.

Mwezi ule nilizunguka kwa mafundi wote nikiomba vipande vya kutupa. Nilikata jozi kumi, kila moja na sura yake. Nilichagua kumi za tairi la lori zenye ukubwa ule ule, nikafunga zote mikanda ya namna moja. Mke wangu alinisaidia kuzilinganisha moja moja. "Zote ziwe sawa," alisema, "isipokuwa kile unachouliza." Hakuwepo siku ya bwana shamba, lakini alikuwa ameelewa kuliko mimi.

Siku ya mnada wa tatu ukungu ulikuwa mzito. Nainokanoka ukungu ukikaa, unasikia kengele za ng'ombe usione ng'ombe. Nilitandika, nikafunga kamba, nikaweka za mabaki kushoto na za lori kulia. Nilikuwa nimegundua kwamba watu wengi wanatoka zizini na kunifikia kwa kushoto, nikajiambia kwamba nisipokuwa mwangalifu nitasifu kiatu kwa kazi iliyofanywa na njia. Kwa hiyo saa sita nilibadilishana pande.

Kabla ya saa sita zilitoka sita za mabaki na moja ya lori. Baada ya saa sita, nikiwa nimezihamishia kulia, zile nne za mabaki zilizosalia zilikwisha upesi. Za lori hazikuguswa. Yaani ziliguswa, zikageuzwa, zikarudishwa.

Sasa nilijua jambo kwa hakika, na sikujua sababu yake hata kidogo. Sijawahi tena kuhisi hivyo. Ilikuwa kama kusikia kengele ndani ya ukungu.

"Yeyo," nikamwambia mama wa maziwa, "mbona watu wako wanapenda viatu vibaya?"

Alinitazama aone kama natania. Kisha akainuka, akanishika mkono wa shati kama mtu anayempeleka mbuzi, akanivuta mpaka kwenye njia nyuma ya mnada. Palikuwa na matope laini. Mbele yetu hukuona hatua kumi.

"Tazama chini," akasema. "Huyu ni mkwe wangu. Anakuja na ndama anayechechemea. Amesimama hapa, ndama amekataa kwenda. Huyu ni mwenye tairi la Land Rover, ameenda majini akarudi, na amerudi amekasirika."

"Umejuaje amekasirika?"

"Tazama kisigino kilivyochimba. Mtu aliyetulia anatembea hivyo?" Akasogea mbele. "Na huyu nani?"

Niliinama. Ilikuwa alama ya tairi langu la lori, safi, vijiti vyote vimesimama.

"Simjui," akasema. "Na huyu hapa? Simjui. Na yule kule? Simjui. Ni watu watatu au ni mmoja? Ni wewe umewafanya wawe mtu mmoja. Ng'ombe akipotea kwenye ukungu tunafuata aliyekuwa naye. Mimi nikifuata mume wangu kwa viatu vyako, nitafika boma la mwanamke mwingine, nipigane bure."

Alipokuwa bado anacheka, mtu mmoja alitokea kwenye ukungu akirudi kutoka mnadani, mrefu, shuka begani, akivuta ndama mwekundu aliyekuwa akichechemea mguu wa nyuma. Akainamisha kichwa kumsalimu mama mkwe wake kwa heshima, kutoka mbali kidogo, akapita. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi. Miaka yote niliyatazama makatambuga kutoka juu, upande wa mguu. Wao waliyatazama kutoka chini, upande wa ardhi. Nilikuwa nawauzia watu viatu, na wao walikuwa wananunua majina.

Tuliporudi kwenye turubai zilikuwa zimebaki jozi kumi na tatu, nne kati yake ndani ya gunia, na lori la wanunuzi lilikuwa linaanza kupakia. Nilitoa kisu na kopo la maji. Kwenye jozi ya kwanza nilikata vijiti viwili kisiginoni. Ya pili nikakata mstari wa kuvuka unyayo. Ya tatu nikanyofoa pembe. Mwanamume mmoja alisimama akatazama, akanyoosha fimbo. "Hapo," akasema, "kata hapo." Nikakata alipotaka. Akanunua.

Wakaja wengine. Mmoja aliomba nimchoree alama anayochomea ng'ombe wake. Mama wa maziwa akamkemea kutoka mahali pake. "Hiyo ni alama ya ukoo. Wakivaa ndugu zako wote, tutatafuta mtu mmoja tupate wajomba ishirini." Yule bwana akafikiri, akasema niongeze kijitundu kimoja pembeni. Nikaongeza.

Mama wa maziwa mwenyewe alikuja wa mwisho, dereva akipiga honi. Alitaka vidole vitatu, hivyo ndivyo alivyosema, mikato mitatu mbele, na wa katikati uwe mfupi. Nilimkatia vizuri kuliko wote. Nikapanda kwa ng'ombe na jozi moja mkononi, ambayo haikuwa na alama yoyote.

Mke wangu aliliona gunia tupu kabla ya kuniona mimi. Hakuuliza ngapi. Aliuliza, "Ni nini kilichouza?"

"Alama," nikasema, nikamweleza habari ya matope, kisigino na ndama. Alisikiliza mpaka mwisho, uji ukapoa. Kisha akasema kesho yake atamtumia kaka yake salamu, amwambie mnyapara ampe nafasi mtu mwingine.

Ile jozi isiyo na alama niliivaa mwenyewe. Nimeuza makatambuga miaka mingi baada ya hapo, na kamba ya katani haikutoka kwenye turubai langu; nimeuliza juu ya rangi ya misumari, juu ya mahali, hata juu ya salamu ninayoanza nayo. Mara nyingi jibu lilikuwa hapana. Nimejifunza kuliheshimu hilo pia.

Kiangazi cha mwaka ule ule wa mnada wa tatu nilishuka Olbalbal kupeleka jozi nilizoagizwa. Uwanda ule umekauka, vumbi laini kama unga, na hapakuwa na mtu mpaka macho yanapoishia. Kwenye njia ya kwenda majini niliona nyayo. Zilikuwa na mikato mitatu mbele, wa katikati mfupi. Nilichuchumaa. Vumbi la pembeni lilikuwa bado halijaanguka ndani, na kisigino hakikuchimba. Yeyo alikuwa amepita asubuhi ile, na hakuwa na haraka.