Sauti ya Maji Chini ya Habari

Dada yangu mkubwa nusura akose mume kwa ajili ya habari moja fupi ya redio. Leo tunacheka. Siku zile, haki ya Mungu, nilitaka kumpiga mtu, na mimi hasira zangu ni za karibu, muulize yeyote mtaani kwetu.

Sisi ni watu wa maporomoko, hapa Kisangani. Papa, ndiye baba yetu, anavua kama walivyovua babu zake: vikapu vikubwa vinafungwa kwenye milingoti iliyosimamishwa katikati ya maji makali, samaki anaingia mwenyewe, anatolewa mzima. Mama na mimi tunampika kwenye kibanda chetu kando ya barabara, liboke ndani ya majani, na lituma ya ndizi iliyotwangwa vizuri. Maji yale hayanyamazi. Anayefanya kazi pale lazima apige kelele ili mwenzake aliye hatua chache tu amsikie. Ndiyo maana papa akirudi nyumbani huongea polepole, kwa sauti ya chini kama mtu anayetoka kanisani, maana koo limechoka.

Mchumba wa dada alikuwa fundi wa pikipiki kutoka komini ya Tshopo, kijana mpole mwenye kucha nyeusi za mafuta. Siku ya mahari ilikuwa imekwisha kupangwa. Kwetu siku hiyo ina jambo lake: kabla mali haijapokelewa, mkubwa wa upande wa bwana arusi huwekewa samaki mzima, aliyetoka kikapuni asubuhi ileile, naye hula kichwa mbele ya watu wote. Akila, tumekuwa ndugu. Akikataa, anarudi na vitu vyake. Hakuna aliyewahi kukataa, kwa sababu kichwa cha kapiteni, yule samaki mkubwa wa mto wetu, kikitoka mikononi mwa mama yangu, nani atakikataa?

Siku chache kabla ya mahari, kwenye habari za mchana, redio ikatangaza kwamba kuna watu wanaovua kwa dawa ya kuulia wadudu wa shambani. Wanaimwaga majini, samaki wanaelea, wanaokotwa na kuuzwa njiani. Mtangazaji alitaja na mahali: kijito kimoja msituni, upande wa Bafwasende, mbali kabisa na sisi. Nilikuwa kibandani nafunga liboke, nikalisikia hilo jina kwa masikio yangu, na bado moyo wangu ulishtuka. Chini ya maneno yake yote, tangu mwanzo hadi mwisho, yalikuwa yakinguruma maporomoko yetu. Maji yetu! Na wavuvi wakiitikiana wimbo wao wa kuvuta kikapu! Mtu wa mji huu akisikia neno sumu huku maji ya kwao yananguruma, jina la kijito cha mbali atalishika vipi?

Hakulishika hata mmoja. Jioni ileile mnunuzi wetu wa kila siku alipita mbele ya kibanda akitazama upande wa pili wa barabara, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama. Mwingine alikaa, akaagiza pondu, majani ya muhogo tu.

— Na samaki? nikamuuliza.

— Samaki? Eh! Miye niko na batoto, mama.

Kesho yake habari ilikuwa imeota miguu. Sokoni walisema mtu amekufa. Nikauliza, nani? Mutu moja wa kule Barumbu, akasema wa kwanza. Wa pili akasema si mtu mmoja, ni nyumba nzima. Kwenye simu ikazunguka picha ya samaki waliokufa, na walikuwa samaki wa baharini, samaki ambao mto huu haujawahi kuwaona tangu dunia iumbwe. Nikawaonyesha. Wakaniambia naona hivyo kwa sababu natafuta chakula changu.

Halafu akaja tonton. Huyu alikuwa baba mdogo wa bwana arusi, msemaji wa familia yao, ndiye aliyetakiwa kula kile kichwa. Mzee safi, mwenye koti hata kwenye joto, na ndani ya mfuko wa koti hukaa redio ndogo asiyoachana nayo. Habari akiisikia haiweki, anaihubiri.

— Bon, bokilo, akamwambia papa kama mkwe kwa mkwe, siku ile tulipanga, tunakuja. Donc samaki, tuiache kwanza. Siye tutaleta kuku.

— Kuku gani? papa akauliza polepole.

— Kuku ya frigo. Iko muzuri, iko munene.

— Mi nikule kuku ya frigo? Ile inazeeka mu barafu mpaka inapita binti yangu umri? Redio yenyewe ilisema, ile kuku ni ya zamani!

Nikamtazama mama. Mama akatazama sufuria.

Papa hakukasirika. Alimshika mkwe wake mkono, akampeleka mpaka majini, akamwonyesha kwa kidole samaki wakitolewa vikapuni wakipiga mikia. Tonton alitazama kwa adabu, na waliporudi nyumbani akatikisa kichwa.

— Macho haioni sumu, bokilo.

— Basi, papa akasema, kama kichwa hailiwi, mahari haiingii.

Dada alikuwa jikoni, akapata habari zote, akalia machozi ya kweli. Bwana arusi, aliyekuja na tonton, alibaki nyuma, akaingia jikoni, akafungua liboke moja akaila yote kwa vidole, na kulamba majani. Mi nakula kila siku, akamwambia, angalia, niko muzima! Dada akacheka huku machozi yanamtoka. Nje tukamsikia tonton akimwambia papa kwamba mtoto wao kweli anakula, lakini yule ana mapenzi, na mapenzi huua polepole.

Hapo ndipo nilipopanda pikipiki nikaenda redioni. Mwandishi aliyesoma ile habari nilisoma naye shule, tulikaa dawati moja, kwa hiyo sikubisha hodi.

— Weye! Kwetu tumekukosea nini?

— Nilitaja kijito, akasema. Sikiliza mwenyewe.

Akaicheza. Kweli, alikitaja, tena waziwazi. Redio haikusema uongo hata neno moja, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu mwongo unamkamata shati, lakini huyu ningemkamata wapi?

— Na maji? nikasema. Ile maji inalia hapo chini, iko ya Bafwasende?

Akamgeukia fundi wa sauti, naye akatueleza bila wasiwasi kwamba redioni mwao kila jambo lina sauti yake tayari. Shule ni watoto wanaoimba, soko ni kelele za kina mama, samaki ni maporomoko. Hakuwaza ubaya wowote, maskini. Aliona habari kavu, akaitilia mchuzi.

Rafiki yangu si mtu mbaya. Siku ileile alisoma masahihisho, kwa Kifaransa, kwa Lingala na kwa Kiswahili, akaeleza vizuri kwamba samaki wa mjini hawahusiki. Lakini aliyasoma makavu, bila sauti yoyote chini yake, kati ya tangazo la mbuzi aliyepotea na tangazo la mazoezi ya kwaya. Jirani yetu alikuwa ameweka redio dirishani. Nikakimbia kwake.

— Umesikia?

— Nimesikia, akasema. Ile mbuzi iko ya nani?

Nikarudi redioni ninawaka. Nikamwambia rafiki yangu: Uliharibu na maji, tengeneza na maji. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akachukua kinasa sauti chake, na asubuhi iliyofuata akaja nami kwenye maporomoko.

Papa alikuwa juu ya milingoti na wadogo zake. Nikamwita, nikamweleza kwa kelele kwamba mtu wa redio anataka aseme samaki wake ni safi. Akakataa. Mimi si mwizi, akasema, kwa nini nijitetee? Akatupa mgongo, akaendelea na kazi. Nilitaka kulia kwa hasira. Rafiki yangu alinyoosha tu mkono wake wenye kinasa sauti, akangoja. Papa akatusahau.

Kikapu kikaja kizito, naye akaanza kuwafokea wadogo zake kama anavyowafokea kila siku:

— Vuta! Vuta, weye, unalala? Angalia ile mukia! Mutu anasema hii iko na sumu, akuje aishike na mukono! Itamutupa mu maji yeye na redio yake!

Sauti ile papa huiacha palepale majini. Kule nyumbani hatujawahi kuisikia, nami mwenyewe, binti yake, ilinishtua. Rafiki yangu akazima kinasa sauti akasema hii inatosha. Lini itapita hewani, hakujua. Mkubwa wake ndiye huamua.

Siku ya mahari ikafika, redio haijasema kitu. Wakaja wote, wamependeza, na beseni la kuku wa kukaanga limefunikwa kitambaa cheupe. Tonton akaketishwa karibu na papa, bega kwa bega. Kwetu baba wa binti siku hiyo hasemi, ana msemaji wake, kwa hiyo asubuhi nzima papa alikaa kimya huku wasemaji wakirushiana maneno matamu na kufanyiana utani. Mama akaleta samaki, moshi ungali unatoka. Akamweka mezani mbele ya beseni la kuku.

Tonton hakunyoosha mkono. Papa akavunja desturi, akamwinamia, akasema kwa sauti yake ya chini:

— Bokilo, nimeivua miye mwenyewe, leo asubuhi. Iko safi.

— Nakuheshimu sana, tonton akajibu, na alikuwa anasema kweli, alikuwa na huruma hata machoni. Lakini redio ilisema.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na dada, yeye ndani ya kikwembe chake kipya cha kitenge, nimemshika mkono. Nilijua papa hatarudi nyuma, na tonton hatarudi nyuma, na niliona wazi kwamba mambo yamekwisha. Niliogopa kumtazama dada usoni.

Sasa, mji wetu una tabia yake. Mchana, baada ya habari, redio husoma matangazo ya vifo, na saa hiyo hata kama kuna harusi, hata kama kuna ugomvi, watu husikiliza, kwa sababu ni aibu jirani kukwambia ndugu yako amefariki nawe hukujua. Tonton akaomba ruhusa, kwa adabu zote. Akatoa redio mfukoni, akaiweka mezani, kati ya samaki na kuku.

Habari zilikuwa hazijaisha. Ghafla maji yakanguruma ndani ya kile kiredio, yaleyale, na wimbo wa wavuvi. Watu wakakaa vizuri. Rafiki yangu akasema samaki wenye sumu walikuwa wa kijito cha mbali, akakitaja jina, akasema hapa maporomokoni samaki hutolewa mzima. Kisha ikalipuka sauti ya mtu anayepiga kelele: Vuta! Vuta, weye, unalala?

Nilimbana dada mkono. Akanibana. Sauti ikaendelea mpaka kwenye ule mkia, mpaka kwenye kutupwa majini yeye na redio yake. Tonton alisikiliza ameinua kidole watu wasikohoe. Ilipokwisha, akamgeukia papa uso wote unang'aa, akampiga-piga gotini.

— Bokilo! Umesikia ule muvuvi? Ule ndiye mutu wa kuamini! Mutu wa kweli, ukisikia tu sauti, unajua!

Dada aliniuma bega asicheke. Mama alijifunika uso kwa ncha ya kikwembe. Wadogo zake papa wakainamisha vichwa wote pamoja kama waliosikia sala. Papa peke yake hakucheka. Alimtazama mkwe wake, na nikaona kwamba imemuuma kidogo, kukaa na mtu asubuhi nzima bega kwa bega asikuamini, kisha akuamini ukiwa ndani ya kisanduku cha redio. Niliomba Mungu asiseme kitu.

— Nimemusikia, akasema taratibu. Basi kula, bokilo. Ule muvuvi amesema.

Tonton akavuta sahani, akavunja kichwa, akala nyama ya shavu, akanyonya mifupa, akamaliza na macho. Vigelegele vikapasua nyumba. Dada aliniangukia akalia tena, safari hii kwa furaha, akaniharibia blauzi yangu ya sherehe kwa poda na machozi, na sikumgombeza.

Papa naye akafunua beseni, akachagua paja la kuku wa frigo. Mama akamkodolea macho.

— Na redio ilisema nini?

— Acha redio, papa akasema, akaling'ata.

Tonton hadi leo hatujamwambia. Kila akija kuwaona wajukuu huuliza habari za yule mvuvi wa redioni, anatamani sana siku moja amshike mkono. Papa humjibu kwa sauti yake ya chini kwamba mvuvi yule ni mzima kabisa, na kwamba anamsalimia.