Mlezi Anayetembea kwa Hatua za Askari

Saa mbili asubuhi, mwanamke wa miaka thelathini na minne ananyanyua mguu kwenye korido, anaushusha juu ya alama ya chaki, kisha anakauka kama mlingoti. Mzee wa miaka themanini na moja anamkodolea macho kutoka kwenye kiti cha magurudumu.

"Ndefu mno! Hiyo hatua ya kuwahi pilau. Rudi!"

"Babu, niliajiriwa kukuogesha, si kupiga gwaride."

"Rudi, Kuruta."

Anarudi. Jina lake halisi limebaki kwenye kitambulisho tu. Nyumba nzima, hata bintiye mzee aliyemwajiri, inamwita Kuruta.

Amelea wazee kwa miaka minane, saa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa wiki. Kabla ya huyu walikuwa watano, wanne amewazika. "Mshahara unamalizwa na kodi ya chumba na ada ya mwanangu. Mimi nabakiwa na mgongo," anasema, akicheka huku ameushika.

Mwezi uliopita mzee aliomba apelekwe kwenye kilima alichopigania ujanani. Bintiye alifurahi, akadhani baba anakwenda kuwaaga wenzake walioanguka. Akanunua maua, akatoa na gari lake.

"Mimi nilibeba leso tatu," anasema Kuruta. "Nilijua atalia, kisha ataomba chai. Wiki nzima kabla ya safari alikuwa ananifundisha kutembea humu koridoni. Nikasema haya, uzee una michezo yake."

Chini ya kilima sasa kuna shule ya msingi. Kuruta aliegesha kivulini, karibu na kiwanja kilichozungushiwa vigingi na kamba, akazima gari. Mzee alitazama jiwe kubwa lililopasuka katikati. Akatazama ardhi. Akashika mkono wa mlezi wake.

"Kuruta, usiliwashe tena gari hili."

"Umebanwa, Babu? Choo kile pale."

"Hapa nilitega mabomu kumi na mawili. Tulitegua kumi na moja."

Leso hazikutoka mfukoni. Kuruta anasema jambo pekee lililomjia kichwani ni swali kama ameanua nguo au hajaanua.

Mzee anasimulia bila sauti kutetemeka. Yalikuwa mabomu ya kulipua magari, mtoto anaweza kurukaruka juu ya moja miaka na miaka lisishtuke. Siku ya kuyatoa, kamanda alikuwa anafoka, magari yanangoja kuondoka. "Nikaandika yametoka kumi na mawili, nikatia sahihi. Nilikuwa kijana, nilimwogopa kamanda kuliko bomu."

Magoti ya mzee hayabebi tena hatua ya askari. Ya Kuruta yanabeba. Siku ile ndipo alipoelewa zile chaki.

"Arobaini na moja kutoka kwenye jiwe, kisha tisa kushoto," mzee aliamuru. "Lakini ukifika ya tano kushoto, simama. Zilizobaki tutazihesabu kwa macho."

Macho yalitua katikati ya vigingi. Kutoka hapo hadi tairi la mbele la gari zilikuwa hatua nne.

Mwalimu mkuu alikuja akitabasamu, akidhani amepata wafadhili. Alipoelezwa, aliketi chini kwenye vumbi na suti yake. "Kesho lori la mawe ya msingi wa choo lilikuwa linaingia hapa," alisema. Akarudia, "Kesho."

Watoto waliondolewa. Wategua mabomu wa jeshi walifika mchana, wakalikuta bomu hatua moja tu kutoka pale mzee alipoonyesha. Mmoja wao alisema nje lilikuwa kutu tupu, ndani zima kama jana. Gari lilisukumwa kwa mikono mpaka barabarani.

Bintiye alilia kwenye simu. "Baba, miaka yote hii?"

"Nilikwenda ofisini mara mbili, mwanangu. Wakanionyesha karatasi yenye sahihi yangu mwenyewe."

Njiani kurudi, Kuruta aliuliza kama yako mengine yaliyobaki kwingine. Mzee akanyoosha vidole viwili. Akavitazama, akaongeza cha tatu.

Tatizo ni kwamba kichwa cha mzee kinaanza kumwacha mkono. Asubuhi nyingine humwita Kuruta "mama" na kuuliza kama shule zimefungwa. Siku hizo Kuruta humwogesha na kumwitikia "naam, mwanangu." Siku akiamka na akili zake, anafoka, Kuruta hukimbilia daftari: jiwe gani, mti upi, hatua ngapi, kushoto au kulia. Kurasa tisa zimejaa, na jeshi limekubali kufuatana nao.

Alhamisi wanaanza na daraja ambalo mabasi hupita kila siku.

"Namwomba Mungu amwachie kumbukumbu mpaka tumalize yote matatu," anasema Kuruta. "Baada ya hapo, babu yangu asahau kwa raha zake."