Bibi Aliyeandikwa Hajui Kusoma

Harufu ya wino wa masizi ndiyo iliyotuamsha nyumbani kwa bibi yangu, Bi Zena, nyuma ya maduka ya nguo katikati ya Nairobi. Aliuchemsha mwenyewe, akachonga kalamu za mwanzi, kisha wasichana wa mtaa wakaja na mbao zao kujifunza Kurani. Alasiri walikuja mama zao ili awaandikie barua za kupeleka pwani, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na baba yake huko Unguja. Alhamdulillahi, elimu yangu ya kwanza niliipata mikononi mwake.

Miaka michache baada ya uhuru, aliyezaliwa nje alitakiwa aombe uraia, na ofisi ile tuliyopangiwa ilitaka mwombaji awe anajua kusoma. Bibi aliishi Nairobi tangu alipoolewa. Nilipomsindikiza alivaa buibui jipya, hana wasiwasi. Mwalimu aogope mtihani wa kusoma?

Karani, kijana mwenye tai, alimsukumia gazeti. "Soma hapa, mama."

"Herufi hizi za kizungu sizijui, mwanangu. Nipe karatasi nikuandikie."

Akaandika, akianzia kulia, mistari iliyonyooka kama safu za swala. Karani akamwonyesha mwenzake. "Ona huyu mama anachora minyoo." Wakacheka.

"Mimi naisoma, wewe huwezi," bibi akasema. "Sasa asiyejua kusoma ni nani?"

Kicheko kikaisha. "Andika hajui kusoma," karani akamwambia mwenzake, kisha akasogeza kidau cha wino. "Weka kidole hapa."

"Kidole huweka asiyejua kuandika. Mimi nitatia sahihi."

Akatia, kwa herufi zake. Ombi likakataliwa, akapewa muda wa kuondoka. Chuo chake cha Kurani kikafungwa. Mjomba alimpandisha garimoshi la Mombasa, naye akafia Unguja kabla sijamwona tena. Aliyenifundisha kutawadha alioshwa na wanawake nisiowajua.

Wahenga walisema subira huvuta heri, na kweli Mungu amenipa nyumba Uthiru na wajukuu wenye shahada. Lakini hasira hii haikuzeeka pamoja nami. Juzi tukila, redioni walikuwa wakibishana kama mgeni asiyejua kusoma aruhusiwe kuishi katika nchi ya watu. Mjukuu wangu akasema, bado anatafuna, "Si wanaokataa wako sawa tu, bibi? Mtu hajui kusoma atatusaidia na nini?"

Nilizima redio. "Hajui kusoma nini?" nikamuuliza.

Akaniangalia kama niliyemuuliza jambo la kipuuzi. Nikamwambia aweke kijiko chini, anijibu.