Meno ya Juu ya Mwasiti

Nilipokuwa mtoto, mdogo wangu Mwasiti aliota meno ya juu kabla ya ya chini. Kwetu mtoto wa namna hiyo huitwa kigego, na kigego, walisema, huleta vifo. Mama alificha. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Sikonge, alinivuta sikio: "Usimwambie mtu. Huku hawatujui."

Nilimwambia rafiki yangu tukifunga majani ya tumbaku. Siku mbili hazikupita, kijiji kizima kikajua.

Mwasiti alipotimiza miaka mitano, shavu lake la kushoto likavimba. Magego yakalegea, jicho likasukumwa juu. Shangazi, dada yake baba, alikuja na hakukubali hata kuketi.

"Wifi, meno yale yanadai roho. Hospitali watayafanyia nini?"

Baba alimsikiliza dada yake. Miezi miwili tukamkanda kwa mizizi iliyochemshwa. Watoto wenzangu walikoma kuja kwetu. Siku moja Mwasiti aliniuliza, "Dada, na wewe unaniogopa?" Nikajifanya sikusikia.

Mwishowe mama alimbeba mgongoni bila ruhusa ya mtu, nami nikafuata na kibuyu cha maji. Tukapanda lori la tumbaku hadi Tabora mjini. Wodini walilala watoto wengine watatu wenye shavu lile lile. Mama akamwinamia mzazi wa kitanda cha jirani.

"Wako naye alianza meno ya juu?"

"Ya chini, kama watoto wote," akajibu yule mama, akishangaa.

Daktari alikuwa mpole. "Mama, uvimbe wa taya una aina nyingi. Watu wazima tunawaona zaidi na mifuko ya maji kwenye mizizi ya meno. Watoto wa umri huu, tunaouona zaidi ni huu, wa saratani. Unakua upesi, lakini mara nyingi sindano huuyeyusha, mkiwahi."

"Tumewahi?"

Alimfunika Mwasiti shuka vizuri, akaenda kitanda cha pili.

Mwasiti hakumaliza mwezi. Shangazi alisema kigego kimejiondoa chenyewe, tumshukuru Mungu. Na watu walishukuru, niliwasikia.

Mama hakuniuliza kamwe nani alitoa siri. Ujinga wetu nimeusamehe, kwani nani angetufundisha? Nisichosamehe ni ile nafuu tuliyoipata, wakubwa kwa wadogo, kwa kuwa na wa kumlaumu, naye alikuwa na miaka mitano.